Mifuko ya Mama Chini ya Meza

Nguo ya marehemu ukiipitishia mvuke inatoa harufu yake. Sisemi uvundo, msinielewe vibaya. Nasema harufu: sabuni yake, tumbaku yake, kabati lake, dawa aliyojipaka magotini wakati wa baridi. Inapanda na mvuke, inakaa puani kidogo, halafu inaondoka, na nguo inabaki ya mtu yeyote. Juzi nilikuwa napita nyuma ya maduka ya Erdington, mlango mmoja uko wazi, ndani mtu anapitisha mvuke kwenye makoti. Mimi na utu uzima wangu huu, mikono imejaa viazi na maziwa, nikasimama pale kama mtu aliyepigwa kofi. Nilikuwa na miaka tisa tena, na mama alikuwa ndani.

Mama yangu alifanya kazi kwenye chumba cha namna hiyo, nyuma ya duka la hisani. Wenzangu wa rika langu mliokulia huku mnayajua: watu wanaleta vitu wasivyovitaka, duka linaviuza rahisi, pesa inakwenda kwa wagonjwa au kwa mbwa. Sisi nyumbani tuliita tu “charity”, kana kwamba ni jina la mwanamke fulani. Mama alikuwa anachambua. Mfuko unaingia, anaufungua mezani, anaamua: hii ya kuuza, hii ya matambara, hii ya kutupa. Saa nane za kusimama, na vumbi la makabati ya watu.

Tulikuwa na mwaka mmoja tu Birmingham. Kabla ya hapo tuliishi Norway, kwenye mji mdogo wenye daraja moja na theluji isiyojua kuondoka. Kabla ya Norway, kambi kule Tanzania. Kabla ya kambi, Fizi, ambako wazazi wangu walioana na ambako mimi sijawahi kukanyaga. Baba alifia Norway, ugonjwa wa ini, mimi nikiwa na miaka mitano. Mama alipopata pasipoti ya kule tukaja kwa dada yake, Mama Mkubwa Neema, aliyekuwa na nyumba Handsworth. Nasema nyumba, lakini ilikuwa ya watu kumi, na mimi na mama tulilala chumba cha juu kwenye kitanda kimoja, miguu yangu mgongoni kwake.

Kwa hiyo kazi ile haikuwa mchezo. Meneja wa duka, Mzungu mmoja mtu mzima aitwaye Doreen, alimwambia mama: miezi mitatu tukutazame, ukiweza tunakupa mkataba. Na mwenye fleti moja ndogo Erdington, vyumba viwili na jiko, alimwambia mama: leta mkataba wa kazi, chukua ufunguo. Mimi nilikuwa nimeshaiona ile fleti. Nilikuwa nimeshachagua ukuta wa kitanda changu. Kila jioni nilipokuwa napiga magoti na mama kusali, yeye alikuwa anawaombea watu wa kambini na mimi nilikuwa naomba mkataba.

Shida ilikuwa lugha. Norway mama alikaa darasani miaka miwili, akajifunza kweli kweli, mpaka akawa anasoma Kinorwei kama anavyosoma nyimbo za kanisani, kidole chini ya mstari. Kiingereza hakikuwepo kabisa. Mimi kiliniingia ndani ya miezi sita, kama mafua. Ndipo tukatengeneza daftari. Jumamosi na siku za likizo nilikuwa naenda naye kazini, Doreen hakukataa, nikikaa juu ya sanduku kuukuu karibu na meza. Lebo za visanduku vya kutengea nguo zilikuwa kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa nanakili neno la Kiingereza upande wa kushoto, na kulia naandika la Kinorwei ambalo mama atalitambua.

La kwanza kabisa lilikuwa rubbish, takataka, na mbele yake nikaandika søppel. Waste nikaandika avfall. Rags, filler. Leftovers, rester. Junk nikaandika skrot, na lilipokuja scrap nikakuna kichwa, nikaandika skrot tena. Mama alishangaa sana. “Hawa batu,” alisema, “bana majina mengi ya kitu chenye hawataki. Cha kutaka bana jina moja.” Kiswahili chake kilikuwa cha Fizi, chenye batu na bintu, na mimi wakati ule nilikuwa namjibu kwa Kiingereza au Kinorwei, kiburi kimenijaa, na yeye hakunikaripia hata mara moja. Nilijiona mwalimu. Niliamini kwamba mtu akishajua jina la kitu katika lugha tatu, hicho kitu hakiwezi kumshinda.

Mifuko mingi ilikuwa ya kawaida: jinzi zilizobana, nguo za watoto waliokua, zawadi za Krismasi ambazo hazikupendwa. Lakini ilikuwepo mingine. Mama aliitambua kabla hata ya kuitoa nguo ya pili. Mashati yote ya mtu mmoja, kola zote za kipimo kimoja. Soksi zote. Ndara. Mara nyingine kwenye kola kulikuwa na kiraka kidogo cheupe kilichoshonwa, kina jina, kwa sababu nguo ilitoka kwenye nyumba za kutunzia wazee, ambako nguo zinafuliwa pamoja. Hapo mama alikuwa ananiita.

“Soma hii, mama.” Ndivyo alivyoniita, mama, kama watu wa kwao wanavyowaita mabinti zao.

“Arthur,” nilikuwa nasoma.

“Arthur,” alikuwa anarudia, polepole, akilipima mdomoni. Halafu anazikunja zile nguo upya, moja moja, anazirudisha mfukoni, anafunga fundo, anauingiza mfuko chini ya meza nyuma ya pazia la zamani alilolitundika mwenyewe. Juu ya fundo anabandika karatasi yenye tarehe. Siku moja akaniuliza neno la Kiingereza la vitu vya mtu aliyekufa. La Kinorwei alilijua, dødsbo. Kule lilikuwa linabandikwa kwenye madirisha ya maduka, aliliona kila alipopita. Nikamuuliza Doreen bila kumwambia ni la nini. Akafikiri, kikombe cha chai mkononi. “House clearance, bab,” akasema, kwa lile bab lao la kumbembelezea mtoto. Kusafisha nyumba. Nikamwambia mama. Akakunja uso.

“Hapana,” akasema. “Ile ni jina ya kazi. Mi nauliza jina ya bintu.”

Basi akachukua kalamu nene, akaandika mwenyewe kwa herufi kubwa kwenye kipande cha boksi, DØDSBO, akakiweka juu ya ile mifuko nyuma ya pazia. Ndilo neno pekee katika chumba kile ambalo halikuwa na mwenzake wa Kiingereza.

Mimi sikuelewa kitu. Nilichokielewa ni kwamba mifuko inaongezeka, na kwamba mama akimsikia Doreen anakuja anavuta pazia. Alikuwepo msichana Mkenya aliyekuwa anajitolea pale mara mbili kwa wiki, mwanafunzi wa chuo, Shiru, mcheshi sana, ambaye alikuwa ananiletea chapati. Siku moja akainama kuokota hanga iliyoanguka, akaona.

“Wewe, kasichana,” akaninong'oneza. “Mamako anaficha hizo bags za nini? Si unajua manager akizipata ni noma?”

“Haibi,” nikasema.

“Sijasema anaiba. Lakini kuna mtu alifukuzwa hapa juu ya kiatu. Kiatu moja tu, na haikuwa hata pair.”

Alicheka, akaendelea na kazi yake, na jambo lenyewe akalisahau palepale. Mimi sikulisahau. Wiki nzima shuleni nilikuwa nahesabu mifuko badala ya kufanya hesabu. Nilijua mama anatuma vitu kambini kwa baba zangu wadogo kila anapopata mtu wa kuvibeba. Nilimwona akikunja sweta, akisema hii itamfaa fulani. Nikaunganisha mwenyewe: mama anaiba nguo za Wazungu waliokufa apeleke kwa wajomba na baba wadogo, na majina ananisomesha ili ajue ni za nani, ndugu zao wakija zisionekane. Mtoto akishaunganisha kitu huwezi kukitenganisha. Na nilimwonea aibu, hilo nalisema wazi, kabla hata ya kumwogopea nilimwonea aibu.

Norway, kwenye shule ya chekechea, walitufundisha jambo moja kuliko yote: ukiona kitu kibaya, mwambie mtu mzima. “Si fra”, yaani toa taarifa, ndivyo wanavyosema. Ukisema mapema, jambo linakuwa dogo. Mwalimu hakasiriki, anapiga magoti, anakusikiliza, mnasameheana, mnakula tufaha. Nikaona dawa ndiyo hiyo. Nikimwambia Doreen mimi mwenyewe kabla hajaona, atajua sisi ni watu waaminifu, mifuko itatoka, mkataba utakuja. Niliipanga kwa siku tatu. Sikuona tundu hata moja.

Jumamosi, zikiwa zimebaki wiki mbili miezi mitatu iishe, mama alitoka kwenda uani kupokea mizigo kutoka kwenye gari. Doreen alikuwa peke yake kwenye jiko dogo la duka, anatafuta biskuti. Nikamwambia. Nilisema: mama ana mifuko chini ya meza, ameificha, hana nia mbaya, tafadhali usimfukuze. Nilisema kwa Kiingereza changu kizuri, bila kosa. Doreen akaweka kopo la biskuti chini. Hakupiga magoti.

Mama aliporudi na maboksi alikuta pazia limevutwa na Doreen anaitoa mifuko mmoja mmoja. Ilikuwa kumi na mmoja. Mama aliitazama mifuko, akanitazama mimi, na nadhani alijua mara moja, kwa sababu mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Alishusha maboksi, akavifuta viganja kwenye aproni, akasimama wima kama mtu aliyeitwa na chifu.

Doreen aliinua kile kipande cha boksi. “Hiki ni nini?” aliniuliza.

“Ni Kinorwei,” nikasema. “Vitu vya mtu aliyekufa.”

“Nani amesema wamekufa?”

Nikamgeukia mama, nikamtafsiria. Mama akafungua mfuko uliokuwa karibu, akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa miwani, imekunjwa vizuri ndani ya kitambaa. “Mwambie,” akasema, “mutu hatupi miwani yake. Mwambie hakuna mutu muzima mwenye anatupa soksi zake zote siku moja.”

Nikamwambia. Doreen akaichukua miwani, akaigeuzageuza, akaiweka mezani taratibu. Lakini uso wake ulibaki vile vile. Alisema jambo hilo ni zito. Alisema kila kinachoingia kinatakiwa kipelekwe mbele dukani wiki hiyo hiyo, kwamba wakubwa wake wanakuja kukagua, kwamba mtu akiona mifuko imefichwa atasema neno moja tu. Hilo neno hakulitaja. Alimtazama mama. “Kwa nini?” akauliza. Why, kidogo tu, hata mama alilielewa.

“Haijafichwa,” mama akasema. “Inangoja. Mwambie aangalie tarehe.”

Akaeleza, na mimi nikafuata nyuma, sentensi kwa sentensi. Kwao Fizi mtu akifa nguo zake hazichezewi. Zinafungwa, zinawekwa mahali, kwa sababu mwenyewe bado hajaondoka vizuri. Watu wanakaa matanga. Siku arobaini zikifika, ndugu wanakusanyika, matanga yanaondolewa, na hapo nguo zinagawiwa: kaka anapewa koti, mpwa anapewa viatu, kila mmoja anaondoka na kitu cha marehemu mwilini. Hapo ndipo anakuwa amekwenda. Hawa wa kwenye mifuko yeye hakujua ndugu zao. Hakuweza kuwaita. Lakini alikuwa anaweza kuhesabu. Alihesabu siku arobaini tangu mfuko ulipoingia, alilitaja jina kama jina lilikuwepo, na siku ikifika aliufungua mwenyewe, akapitisha mvuke, akatundika nguo mbele dukani kama zote. “Mwambie nimekwisha kutoa sita. Aliziuza yeye mwenyewe. Kuna koti ya kijani, alisema ni muzuri.”

Doreen alilikumbuka lile koti la kijani, niliona usoni. “Lakini hawa si watu wake,” akasema, si kwa ubaya.

Nilipomtafsiria mama hilo, aliichukua ile miwani mezani, akairudisha kwenye koti. Gari uani lilikuwa linarudi nyuma, lile la mizigo, linalia kile kilio chake cha kurudi nyuma, na mama akangoja limalize. Halafu akaanza tena, na sauti ilikuwa nyingine.

“Mwambie bwana yangu alifia Norway.”

Nikasema.

“Mwambie manguo yake ilikuwa inangoja. Kaka yake mukubwa alikuwa anatoka muji wa mbali, anafika siku ya posho, tuondoe matanga. Badogo zake walikuwa kambini, kila mutu alijua atatumiwa nini.”

Nikasema. Siku ya posho ni Jumamosi, hilo nilijua. Hilo la baba yangu mkubwa kuja sikuwa nalijua. Nilikuwa nayasikia na kuyatafsiri kwa wakati mmoja, na mtu akifanya hivyo maneno yanapita tu, hayatui.

“Mwambie serikali ya pale ilitupatia nyumba ndogo, ilikuwa lazima tuhame siku ya Alhamisi. Banaume babili bakakuja na lori kusafisha nyumba. Mi nilikuwa chini kwenye stoo. Bakaona mifuko kwenye mulango, bakauliza ni nini.” Akavuta pumzi. “Bakajibiwa ni søppel.”

Alisema hivyo hivyo, Kinorwei katikati ya Kiswahili. Nikafungua mdomo kutafsiri.

“Hiyo usitafsiri,” mama akasema.

“Nani aliwajibu?” nikauliza. Niliuliza kwa Kiswahili, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi.

Mama akaanza kufunga upya ule mfuko wa miwani. Fundo moja, la pili, la tatu, mfuko ambao haukuhitaji mafundo matatu. Ndipo ikanijia, yote, kwa mkupuo.

Mwanaume mwenye ovaroli la rangi ya chungwa. Theluji kwenye buti zake. Alipiga magoti, macho yake yakawa sawa na yangu, kama walimu wa chekechea, akaonyesha ile mifuko myeusi kando ya mlango, akaniuliza polepole, kwa sauti ya kuwaulizia watoto: hii ni søppel? Nilikuwa na miezi miwili tu pale chekechea. Siku zote watu wale walikuwa wanasema na mimi na maneno yananipita juu ya kichwa. Hili nililishika. Lilikuwa neno langu, kila siku baada ya kula tulikuwa tunatupa maganda na mwalimu analisema. Nilifurahi mpaka mwili ukasisimka. Nikasema ja. Akaniuliza na ule mwingine? Ja. Akanipa mkono, akaniambia mimi ni msichana hodari. Mifuko ilikuwa mizito, ikampa taabu kupita, na mimi nikamshikia mlango.

Nikamkumbuka mama akipanda kutoka chini, akitazama ule ukuta mtupu, akitoka mbio na ndara kwenye theluji, lori limeshafika darajani. Alikuwa anapunga mikono yote miwili. Mimi nilidhani anawaaga. Nikasimama dirishani, na mimi nikawapungia.

Doreen alikuwa anangoja. “Amesema nini?” akauliza.

Ningeweza kunyamaza. Mama alikuwa amenikataza, na mkataba ulikuwa palepale mezani, kwa namna ya kusema, na jambo hili halikuusaidia wala kuudhuru. Lakini mimi nilikuwa mkalimani, tena siku ile ile nilikuwa nimetoka kumsema mama yangu jikoni, mbele ya kopo la biskuti. Nikamwambia Doreen: walimuuliza mtoto, na mtoto ni mimi. I said it was rubbish. Neno rubbish mama alilijua. Lilikuwa la kwanza kwenye daftari.

Mama akafumba macho. “Nilisema usitafsiri,” akasema, kwa upole sana, kama mtu anayesema mvua imenyesha.

Doreen alivua miwani yake, akakaa juu ya sanduku langu. Sitawaongopea kwamba alilia au alimkumbatia mama. Hakuwa mtu wa hivyo. Alipoinuka alisema siku arobaini haziwezekani, chumba ni kidogo, wakubwa hawataelewa. Lakini rafu ya juu kabisa, pale karibu na boila, hakuna anayeitazama. Anaweza kuvumilia siku saba. Bila pazia, bila kuficha.

Nikamtafsiria mama. Mama akatazama rafu, akatazama mifuko, midomo inatembea. Halafu akamgeukia Doreen mwenyewe, si mimi, akasema kwa Kiingereza, “Fourteen.”

Doreen akamtazama kwa mshangao. “Ten,” akasema.

“Fourteen,” mama akasema.

Na ikawa siku kumi na nne. Walileta ngazi wakaipandisha mifuko pamoja, Doreen anapokea juu, mama anamwinulia kutoka chini, na tarehe zote zikaandikwa upya. Wiki mbili baadaye mkataba ulikuja, na baada ya mkataba ufunguo. Ule ukuta niliouchagua nikaupata, na kitanda. Lakini hayo yalikuja baadaye, na siku ile hatukuyajua.

Siku ile tulipanda basi namba kumi na moja kurudi Handsworth, lile linalozunguka mji mzima bila haraka. Mama alikaa dirishani. Mimi nilienda kukaa kiti cha nyuma yake, peke yangu, kwa sababu nilifikiri mtu kama mimi ndipo anapokaa. Alisubiri vituo viwili, kisha akageuka.

“Njoo hapa.”

Nikaenda. Mikono yake ilinuka mvuke na vumbi.

“Ulikuwa unajua?” nikamuuliza. “Siku zote?”

“Tangu saa ile ile. Nilirudi kutoka barabarani, ukanikimbilia kwenye mulango. Ukaniambia, Mama, nimesema Kinorwei, na Muzungu amenisikia.”

Hilo sikulikumbuka. Nilijaribu kulitafuta, sikulipata, na mpaka leo silioni. Nikalia basi, kwa sauti, kwenye basi la watu, mpaka bibi mmoja Mjamaika wa kiti cha mbele akageuka akampa mama karatasi ya kufutia uso wangu. Mama akaipokea, akashukuru, akanifuta kama mtoto mchanga.

“Mbona hukuniambia?”

“Ningekuambia nini?”

“Kwamba nilitupa nguo za baba.”

Basi likasimama. Watu wakashuka, wengine wakapanda na baridi yao. Alipoanza kusema hakunitazama. Alitazama ile karatasi mkononi mwake, akiikunja ndogo, ndogo zaidi.

“Nani alitia manguo ya baba yako ndani ya mifuko ya takataka?” akasema. “Sanduku ilikuwepo. Mabegi ilikuwepo. Kila nikifungua kabati nilikuwa namuona, nikachoka kumuona. Nikachukua mifuko myeusi, nikamufunga, nikamuweka kwenye mulango. Wewe ulisoma tu chenye mi niliandika. Kama ni kutupa, mama, tulimutupa wawili.”